Doto Anamalizia

Walisema sitaweza kulinda hata barafu isiyeyuke. Hayo ni maneno ya baba yangu mdogo, Mabula, na aliyasema mbele ya wageni wa harusi yake, akiwa ndani ya suti ya kuazima iliyombana makwapani. Wengine walisema sitaweza kusoma barua niliyoandikiwa mwenyewe. Wengine walisema sitaweza kuvuka daraja la Mto Mirongo peke yangu nikarudi nyumbani bila kuulizia njia. Mwalimu wetu alisema nikifika darasa la saba atachinja kuku. Nilifika. Kuku sikumwona.

Leo natengeneza barafu. Mtambo wangu uko Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na watu wa sangara na sato wanapanga foleni mlangoni kwangu kabla jua halijachomoza vizuri. Nina stashahada ya ufundi wa majokofu. Niliipata nikiwa na miaka thelathini na saba, katika darasa ambalo wenzangu waliniita mzee na kuniachia kiti cha mbele. Iko kwenye fremu ukutani, mkabala na kiti cha mteja, ili mteja asipate mahali pengine pa kutazama. Niliipigilia pale makusudi na sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

Wiki iliyopita seremala jirani alinimwagia magunia ya maranda nyuma ya mtambo. Mvua ikanyesha. Asubuhi nilipofungua mlango, harufu ile ya mbao iliyolowa, yenye uchachu kidogo, ikichanganyika na magamba ya samaki, ilinikamata shingoni. Nikasimama na funguo mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata. Nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka kumi, nikisukuma baiskeli.

Lakini kabla ya baiskeli, niseme kwanza kilichonifanya nikae chini na kuandika. Kwenye barabara ya kwenda Buhongwa siku hizi kuna mabango makubwa yenye sura za watoto. Mtoto wa miaka sita amevishwa joho na kofia ya mahafali kwa sababu amemaliza chekechea. Mwingine amepata alama za juu darasa la nne, basi uso wake umetundikwa juu ya nguzo kama wa mgombea. Wazazi wanapita chini yake wakipunguza mwendo wa gari ili majirani waone. Nawatazama wazazi hao na kuwadharau kwa moyo wangu wote. Najua wanachokifanya. Nilikulia nyumba moja na mtoto wa bango, ingawa wakati wetu mabango hayakuwepo na kazi hiyo ilifanywa na midomo ya watu.

Mtoto huyo ni pacha wangu, Kulwa.

Kwetu Usukumani pacha anayetangulia kutoka ni Kulwa na anayefuata ni Doto, na majina hayo hayana mjadala. Alitangulia kwa muda ambao ungemtosha mkunga kunawa mikono, na muda huo ukawa hadhi yake ya maisha. Mama yetu aliitwa Mama Kulwa. Anaitwa hivyo mpaka leo. Baba alikufa tukiwa wadogo, hata sura yake ninayoikumbuka nadhani ni ya picha. Tulikaa chumba kimoja Kirumba, mama akiuza dagaa kwa visado vya kupimia, na bibi yetu akitulea kwa mila za mapacha alizotoka nazo kijijini.

Mila ilikuwa hivi: mapacha hawapewi kitu mmoja akaachwa mwingine. Ukimletea Kulwa muwa, mlete na wa Doto. Aliyekuja na kimoja bibi alimrudisha mlangoni akatafute cha pili, hata kama ni kipande cha uzi. Na pale ambapo kitu ni kimoja na hakigawanyiki, bibi alikuwa na msemo wake wa nyumbani, "Kulwa anaanza, Doto anamalizia." Maji ya kuoga, Kulwa anaanza, Doto anamalizia. Uji uliobaki sufuriani, vivyo hivyo. Na kaptula.

Kaptula ya shule ilikuwa moja. Shule yetu ilijaa mno, kwa hiyo darasa moja liligawanywa mikondo miwili, mmoja wa asubuhi na mmoja wa mchana. Mama alikwenda kwa Mwalimu Koku kumwomba atutenganishe, Kulwa aende asubuhi nami mchana, ili kaptula itutoshe. Saa sita na nusu nilikuwa nasimama na shati tu kwenye kichochoro chetu nikimsubiri pacha wangu. Alifika akikimbia, akaivua hapo hapo, nami nikaivaa. Ilikuwa bado na joto la mwili wake. Mfukoni mlikuwa na vumbi la chaki na mara nyingine peremende aliyopewa kwa kujibu vizuri, akiwa ameing'ata nusu na kuniachia nusu.

Sasa fikiria kichwa cha mtoto. Kaptula inakuja kwangu baada ya Kulwa, ikiwa na joto. Maji yanakuja baada ya Kulwa. Peremende pia. Mwisho wa muhula walipotangaza kwamba Kulwa ni wa kwanza nami ni wa mwisho, sikuumia hata kidogo. Nilielewa, kwa jinsi nilivyoelewa mambo yote ya nyumba ile, kwamba akili nayo ni moja, na kwa sasa anaitumia Kulwa. Akimaliza ataniletea. Kwa nini nihangaike na jedwali la kuzidisha wakati zamu yangu haijafika? Nilikaa dirishani mchana kutwa nikiangalia mabati yanavyotetemesha hewa kwa joto. Nilikuwa mtoto mwenye subira kuliko wote shuleni, nao wakaniita bonge la mjinga.

Mwalimu Koku hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Asubuhi alifundisha akiwa amepaka poda, mchana alifundisha akiwa amevua viatu. Kulwa alipata mwalimu mwenye poda. Sijawahi kusikia mtu yeyote akilitaja hilo walipokuwa wakimsifu.

Na walimsifu kweli. Jioni mama alipoteka maji bombani, wanawake waliacha ndoo zao wamsalimie mama wa mtoto mwenye kichwa. Kulwa akiwa na miaka kumi wazee walimwita "Injinia" na kumsomesha magazeti kwa sauti huku wakicheza bao. Hakuelewa anachosoma. Nao hawakuelewa. Walipenda tu kuona mdomo mdogo ukitoa maneno makubwa.

Mwaka huo ndipo Baba mdogo Mabula alipooa. Alikuwa mchuuzi wa samaki, anakaa Pasiansi, mtu wa kelele, na baada ya baba kufa ndiye aliyekuwa na kauli katika mambo yetu. Siku ya harusi alimpa Kulwa kazi ya kusoma risala mbele ya wakwe. Bibi akauliza, "Na Doto?" Mila ni mila. Baba mdogo akanitazama, akatafuta kichwani kazi isiyoweza kuharibika.

"Doto ataleta barafu ya soda," akasema. "Atachukua bonge pale Mwaloni, atalisukuma kwa baiskeli mpaka Pasiansi. Hata mbuzi angeweza."

Nikaenda. Watu wa Mwaloni wakanipa bonge zuri, kubwa, wakalizungushia maranda mazito, wakalitia kwenye gunia na kulifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Nilianza kusukuma. Baada ya mwendo kidogo maji yakaanza kudondoka kwenye gunia, maji ya kahawia yenye magamba. Nikasimama, nikachungulia. Bonge lilikuwa chafu la kutisha, limegandwa na vumbi la mbao na damu ya samaki. Mimi nilikuwa mtoto wa kumalizia maji ya kuoga ya mwenzangu, uchafu niliujua. Nikawaza wakwe wa baba mdogo, na gauni jeupe la bi harusi, na barafu ya namna hii kwenye beseni la soda. Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo.

Basi nikateremka ziwani, penye mawe. Nikalifungua bonge, nikalisugua kwa mikono mpaka vumbi lote la mbao likatoka. Nawaambieni lilikuwa zuri. Lilikuwa safi kama kioo, ndani yake mna nyuzi nyeupe za hewa, na ukiweka jicho karibu unaliona ziwa lote limepinda. Vidole vilikufa ganzi sikujali. Gunia lilinuka, nikalitupa. Maranda nikayaacha yaelee. Nikalifunga bonge langu likiwa tupu, likimeremeta juani, nikasukuma baiskeli kwa madaha ili kila mtu aone.

Nilipofika Pasiansi lilikuwa kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichobaki siku ya pili.

Hakuna aliyenipiga. Wangenipiga ingekuwa afadhali. Kulwa alikuwa amemaliza tu kusoma risala na watu bado wanapiga makofi. Baba mdogo alikuja, akatazama nyuma ya baiskeli, akaokota kile kipande kwa vidole viwili, akakiinua juu wageni wakione.

"Jamani, mnamwona huyu? Tumbo moja na yule. Huyu hataweza kulinda hata barafu isiyeyuke."

Wakacheka mpaka mama mkwe akashika mbavu. Wakanywa soda za moto huku wakicheka. Kulwa peke yake hakucheka, nami nilimchukia kwa hilo zaidi ya wote.

Niliyoyatafakari kwa muda mrefu baadaye si matusi, ni lile bonge. Kwa nini lilipokuwa chafu lilikaa, na nilipolisafisha likaondoka? Hakuna mtu mzima aliyenieleza. Waliojua walikuwa wanacheka.

Tulimaliza darasa la saba. Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, Kulwa alikuwa amepata shule ya bweni ya mbali, ile wanayopelekwa watoto wenye vichwa. Mimi sikuwepo kwenye karatasi yoyote. Mwalimu Koku alinipita mlangoni akanigusa bega, kama unavyogusa jeneza la mtu usiyemjua sana.

Fomu ya shule ilitaka vitu vingi. Tranka, kufuli lake, godoro, kamusi ya Kiingereza, ndoo, jembe, shuka. Mama hakuwa na chochote. Lakini alikuwa na jina la Kulwa, na kwa jina hilo nyumba zote zilifunguka. Baba mdogo Mabula aliazima tranka lake la bati la kijani, alilopewa harusini. Mama Anjela, jirani yetu wa kichochoroni, aliazima godoro la mwanawe wa kwanza. Mwalimu Koku aliazima kamusi yake mwenyewe, yenye jina lake ndani. Wote walisema neno lilelile: atarudisha akimaliza, huyu si wa kupoteza. Hawakuwa wanamsaidia mama, walikuwa wananunua kiti cha mbele kwenye mafanikio ya mtoto wa miaka kumi na tatu.

Asubuhi ya safari wakaja wote kuona vitu vyao vikiondoka. Tranka likawekwa nje, mlangoni. Nami nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Nilioga. Nilivaa kaptula, nikafunga shati na daftari langu kwenye kitambaa cha mama. Watu walipokuwa wakiomba sala ya safari, nilikwenda nikakaa juu ya tranka.

Mama akanong'ona, "Doto, toka hapo."

"Siku ya leo ni yangu," nikasema.

"Ya kufanya nini?" akauliza Baba mdogo.

Nikaeleza. Nilieleza kwa utulivu, kwa sababu kwangu mambo yalikuwa wazi. "Kulwa amemaliza shule. Amekuwa wa kwanza miaka yote. Sasa ni zamu yangu. Kulwa anaanza, Doto anamalizia."

Mama Anjela akaanza kucheka, na mwingine, na kichochoro chote kikalipuka. Walicheka wakiegemeana. Baba mdogo alicheka mpaka akachuchumaa. "Anadhani shule ni maji ya kuoga," akasema akifuta machozi. "Anadhani kichwa ni kaptula." Na Mwalimu Koku, aliyekuja na kamusi yake amefunika kwa gazeti, naye alicheka, mkono mdomoni.

Nilimtazama Kulwa. Alikuwa ameinamisha uso, amekamata mkono wa ndoo. Niliona hataki kunitazama, nikahesabu kwamba ananionea aibu.

Bibi ndiye aliyewanyamazisha. "Mmempa mmoja," akasema. "Pacha hapewi peke yake. Na huyu mpeni kitu."

Wakatazamana. Hakuna aliyekuja na kitu cha Doto. Hatimaye Baba mdogo akaingiza mkono mfukoni, akatoa kufuli la zamani la tranka lile, lililokwishapoteza funguo, limeng'ang'ania likiwa limefungwa. Kulwa alinunuliwa jipya. Akaniwekea kiganjani. "Haya, nawe linda hilo. Hilo haliyeyuki."

Wakacheka tena. Wakabeba tranka. Nilibaki mlangoni na kufuli lisilofunguka, na hapo ndipo nilipojua, kwa mara ya kwanza, kwamba hakuna kitu chochote kilichokuwa kinakuja.

Wale mnaonisoma na ni wa rika langu mnajua jinsi mambo hayo yanavyokwisha, lakini wacha niseme. Kulwa alikaa huko miaka miwili. Kirumba alikuwa wa kwanza. Kule kila mtoto alikuwa Kulwa wa kwao. Muhula wa kwanza akawa wa arobaini na kitu, na hakujua la kufanya na namba hiyo, maana hakuna aliyewahi kumfundisha kuwa wa arobaini. Mimi ningemfundisha bure. Aliacha kula, akaacha kuandika barua, na siku moja akarudi akiwa na nguo alizovaa tu. Tranka, godoro, kamusi, vyote alivitelekeza bwenini.

Wenye vitu wakaja. Hawakuja kuuliza mtoto ana nini. Mama Anjela alisimama mlangoni akaulizia godoro. Baba mdogo akasema tranka lile lilikuwa la harusi. Mwalimu Koku hakuja, ila alituma mtoto aulize kama kamusi imerudi, na kutuma mtoto ni kubaya zaidi. Wale wale waliomwita Injinia sasa walimwita "Yule wa magazeti". Alikuwa na miaka kumi na mitano na kwao alikwisha.

Mama akabadili njia. Kutoka chumbani kwetu kwenda bombani ni kichochoro kimoja kifupi, kinapita mbele ya mlango wa Mama Anjela. Tangu siku hiyo mama alizunguka nyuma kabisa, akaambaa na ukuta wa uwanja wa mpira, ndoo kichwani, mwendo mara tatu. Kanisani akahamia misa ya kwanza, ambako hawaendi watu wanaomjua. Hakusema kwa nini. Mimi nilikuwa nambebea ndoo ya pili nyuma yake na niliona kila kitu. Niliapa pale ukutani, nikiwa na maji yananimwagikia sikioni, kwamba nitarudisha vitu vyote, kimoja kimoja, ili mwanamke huyu apite njia yake.

Nilianza kwa kumfanyia kazi Baba mdogo pale Mwaloni, kufidia tranka, kazi ambayo hakuihesabia kitu. Nilipanga samaki kwenye barafu. Siku nzima mikono yangu ilikuwa kwenye maranda, na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunisifu wala kunitazama, nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Nikapata jibu langu. Maranda si uchafu. Ni blanketi. Yanaizuilia barafu ubaridi wake usitoroke na joto lisiingie. Bonge langu la harusini nililiua mwenyewe kwa kulitaka limeremete. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza maishani bila kulipokea kwa mtu. Halikuwa na joto la mwili wa mwingine.

Mengine sitayarefusha. Nilitoka Mwanza juu ya lori la samaki. Nilijifunza kusoma sawasawa nikiwa kijana mzima mwenye ndevu, kwa maandishi ya kwenye mashine. Nikaingia chuo cha ufundi, nikafeli, nikarudia. Nikaenda Namibia kwenye maghala ya samaki wa baharini, nikafanya kazi ndani ya baridi ambayo Baba mdogo akiingia angelia. Nikasoma tena, nikapata stashahada. Nikarudi na mtambo. Waliponiuliza mjini siri ya mafanikio, nikawajibu kwamba nililala kwenye maranda. Wakadhani ni mzaha.

Siku niliyorudisha vitu ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, niliichagua kwa sababu watu wote wako nje. Nilipakia kwenye gari tranka jipya la bati, la kijani. Nikapakia godoro, si la inchi tatu kama lile bali la inchi nane. Nikapakia kamusi. Kulwa alikuja kutoka Buhongwa, ambako anafuga kuku wa mayai, tena anafuga vizuri, watu wanamfuata kwa ushauri. Sikumwita. Aliambiwa na mama. Akasimama kando ya gari, akasema godoro atalibeba yeye.

"Ni mimi niliyeviacha," akasema.

Tukatembea kichochoroni, yeye na godoro kichwani, mimi na kamusi. Mama Anjela, sasa mzee, alitoka na mwiko mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akitazama saa yangu na viatu vyangu.

"Kulwa mwanangu," akaniambia. "Nilijua tu. Si nilisema? Huyu si wa kupoteza."

"Mimi ni Doto, mama. Kulwa ndiye aliyebeba godoro."

Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Aa," akasema, "mnafanana bwana." Kisha akalibonyeza godoro kuona kama ni gumu. Kwa Mwalimu Koku ilikuwa hivyo hivyo. Alifungua kamusi mpya akatafuta jina lake ndani, hakulikuta, akaniambia, "Asante Kulwa, ungeandika."

Sikukasirika kama nilivyotegemea. Niliwaona wadogo. Watu hao walitoa hukumu juu ya watoto wawili bila hata kujua ni yupi na yupi.

Tulipokuwa ndani ya gari kwenda Pasiansi, na tranka limelala nyuma, Kulwa alisema akiwa anatazama barabara, "Siku ile ulipokaa juu ya tranka."

"Achana nayo."

"Niliomba Mungu wakukubalie. Nilikuwa naogopa mpaka mkojo. Nilitaka wewe ndiye uende."

Niliendesha. Miaka yote niliyowadharau watu wa kichochoro kile nilimweka na yeye miongoni mwao, pembeni kidogo, na sasa nilitakiwa kumtoa huku nikibadili gia. Mtoto wa miaka kumi na tatu ameshika mkono wa ndoo, na watu wazima kumi wanampigia makofi. Hakuna hata mmoja aliyemwona, hata mimi niliyekuwa na sura yake.

Baba mdogo Mabula alikuwa kivulini mbele ya nyumba yake, ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba. Tukaliweka tranka mbele yake. Juu yake nikaweka lile kufuli la zamani, lililokwishatembea nami mpaka Namibia na kurudi, bado limefungwa.

"Shikamoo, Baba mdogo. Tranka lako. Na kufuli lako."

"Marahaba." Alilishika kufuli, akaligeuza, akanitazama usoni kwa muda. Yeye hakukosea.

"Doto," akasema. "Doto wa barafu."

"Ndiye."

"Nasikia una mtambo."

"Ninao."

Akagonga bati la tranka kwa ukucha, akaridhika. Halafu akasema, kama mtu anayekumbusha jambo dogo, "Basi vyote vimerudi. Bado barafu yangu."

Kulwa aliguna. Mimi nilisimama pale, mwenye stashahada, na nikaona kwamba mzee huyu, pamoja na ubaya wake wote, ndiye pekee aliyekuwa na kumbukumbu sahihi.

Niliendesha kurudi Kirumba. Nikachagua bonge mwenyewe. Gari nikaliacha pale pale; nikaazima baiskeli ya mmoja wa wafanyakazi wangu. Tulilizungushia maranda, tukalitia guniani, tukafunga kwa mpira. Tulipopita mdomo wa kichochoro chetu nilimwona mama. Alikuwa ametoka na khanga yake mpya, anatembea katikati ya kichochoro kuelekea bombani, bila ndoo, bila sababu yoyote, akisalimia mlango mmoja baada ya mwingine. Hakwenda haraka. Nikasubiri mpaka amepita wa Mama Anjela, ndipo nikasukuma.

Jua lilikuwa la saa saba. Mimi nilishika usukani, Kulwa alishika gunia kwa nyuma. Maji ya kahawia yalidondoka njia nzima na hatukusimama popote, hata pale kwenye mawe.

Baba mdogo alifungua gunia mwenyewe. Akapangusa kwa kiganja, taratibu, mpaka kona moja ya bonge ikatokea, bado kali kama ya tofali. Akakunjua uso, akatazama vumbi la mbao na magamba yaliyomgandia mkononi.

"Chafu," akasema.

"Ndiyo, Baba mdogo," nikamwambia. "Ndivyo inavyofika."